Migomba Juu ya Shimo

Kabla sijasema lolote juu ya Bibi, nianze na mikate yake, maana ndiyo iliyotufundisha kumwogopa na kumpenda kwa pamoja. Bibi akikasirika hakupiga kelele. Aliingia nyumbani kwake, akafunga mlango, akakanda unga. Mkate wa hasira ulitoka mgumu, umeungua chini, na asubuhi yake yeyote aliyemkosea alipewa kipande na kikombe cha chai. Tulitafuna kimya kimya, tukijua kwamba tumesamehewa na kwamba meno yetu ndiyo yanayolipa. Mwaka wa vita unga wa ngano ulipotea madukani, akawa anakasirika kwa unga wa muhogo.

Hatukumwita Bibi kwa sababu ya uzee. Kwenye misheni yetu kila mmisionari wa kike asiye na mume aliitwa hivyo, na alipofika Ngara hakuwa na mvi hata moja. Alikuwa mkunga, ametoka nchi ya baridi ng'ambo ya bahari. Alikuja na sanduku la vyuma vya kuzalishia, baiskeli ya kike, na daftari lenye jalada jekundu ambamo aliandika kila alichoambiwa juu ya desturi zetu. Aliuliza sana. Aliuliza kwa nini mkwe hapishani njiani na mkwewe, kwa nini wageni hupewa kiti na wenyeji hukaa kwenye mkeka, kwa nini mtoto mchanga hasifiwi kuwa mnene. Wengine walidhani ni umbeya. Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba aliogopa kutukosea.

Mimi nilikuwa msichana wa Mabawe, nimemaliza darasa la saba, nimeokoka kwa mwaka mmoja tu, na nimeajiriwa kuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Nilipewa aproni nyeupe. Asiyewahi kuvaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, huku mama yake yuko shambani na kaniki iliyofifia, hawezi kujua jinsi kichwa kinavyovimba. Changu kilivimba hata wenzangu wa kisimani wakaanza kuniita "Dokta", nami sikuwa na akili ya kutambua kwamba wananicheka.

Nyuma ya wodi Bibi alichimbisha shimo refu, akalijengea kwa matofali ya kuchoma, akaliwekea mfuniko wa mbao wenye mpini. Lilikuwa shimo la kondo. Mama akijifungua, kondo la nyuma lilitiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na ndoo hiyo nilibeba mimi, nikazunguka nyuma ya jengo, nikamimina, nikafunika. Bibi alijivunia shimo lile kuliko alivyojivunia vitanda vyake vipya. Mbwa hawafiki, alisema, nzi hawafiki.

Siku lilipokamilika, kabla halijatumiwa hata mara moja, aliniita akafungua daftari jekundu.

"Niambie ukweli," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Hapa kwenu watu hufanya nini na kondo? Kuna desturi nisiyoijua? Sitaki kukosea."

Desturi ilikuwapo, tena kubwa. Mlimani kwetu mtoto akizaliwa, kondo lake lilizikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na mgomba ule ukawa wake pamoja na machipukizi yake yote. Mama yangu aliweza kupita shambani akitaja mmoja mmoja: huu wa kaka yako, huu wako, huu wa yule mdogo wenu aliyefariki. Mtu mwenye mgomba hata aende mbali kiasi gani, walisema wazee wetu, nyumbani kunamvuta. Asiye nao hutangatanga. Haya niliyajua kama nilivyolijua jina langu.

Lakini nilikuwa na aproni nyeupe. Nilimwona akilini mama yangu akiwa ameinama shinani na jembe lake, nikaona aibu kumweka ndani ya daftari la mzungu.

"Hakuna, Bibi," nikasema. "Hayo yalikuwa ya watu wa zamani. Siku hizi tunatupa tu."

Akaandika: Hakuna desturi. Akapiga mstari chini yake, akanishukuru.

Wanawake waliokuja kujifungua waliniuliza mimi, si yeye. Walisubiri Bibi atoke, kisha wakanivuta kwa kidole: "Dada, ya kwangu umeipeleka wapi?" Nami nilijibu bila kupepesa macho: "Imezikwa vizuri." Basi nikawa mwongo wa pande mbili. Bibi nilimwambia hakuna anayejali, na wanaojali nikawaambia wasiwe na wasiwasi.

Sisi tuliookoka tulikuwa na kawaida ya kukutana kila Ijumaa alasiri, na mtu kusimama mbele ya wenzake na kuzitaja dhambi zake za wiki hiyo. Nilikuwa hodari wa kutubu. Nilitubu kwamba nilitamani gauni la mwenzangu. Nilitubu kwamba nilisinzia wakati wa maombi, kwamba nilikula kijiko cha sukari ya wodi, kwamba nilimnunia mama. Watu waliimba na kunikumbatia. Ndoo sikuitaja hata siku moja.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tuliteremshwa kutoka mlimani hadi kandokando ya barabara, kila kaya na kiwanja chake kilichopimwa kwa kamba. Mgambo waliokuwa wakiharakisha watu walimwambia mama yangu achukue vyombo. Yeye akachukua migomba. Alichimbua chipukizi moja la kaka yangu, moja langu na moja la marehemu, akayabeba kichwani safari tatu, na sufuria zake akaziacha zikabebwa na jirani. Nilimkuta njiani jioni ile, udongo umemmwagikia mpaka mabegani, nami nikapita na aproni yangu nikijifanya nawahi kazini.

Baada ya hapo, watu walipoanza kupanda migomba yao upya, ndipo wodi ilipoanza kuwa tupu. Kijiji kilikuwa karibu kuliko mlima, hata saa nzima ya kutembea haikufika, na bado wanawake hawakuja. Walikuja kliniki kupimwa, walipanga foleni kuchukua vikofia vya sufu ambavyo akina mama wa kanisa la kwao Bibi walivifuma na kuvituma kwa meli. Uchungu ukianza, walikaa nyumbani. Bibi alijaribu kila njia. Alihamisha vitanda vikawa karibu na dirisha. Akaongeza chai yenye maziwa. Akadhani wanaogopa vyuma, akavifunika kitambaa cha maua. Nilimkuta mara nyingi amekaa peke yake kwenye kitanda kitupu, mikono imelala mapajani, akiniuliza, "Nimewakosea nini?" Nami nilikunja shuka upande wa pili nikasema labda ni mvua.

Halafu ikaja vita na nduli wa Uganda. Ngara hatukusikia mizinga, lakini tuliona malori yakishuka kuelekea Biharamulo yamejaa vijana, na kila kaya ikatoa maharage na ndizi kwa ajili ya wanajeshi. Kaka yangu alikuwa mgambo, akaitwa. Alimwacha mke wake na mimba ya miezi mitano.

Wifi yangu huyu alikuwa binti wa Kisukuma, wa familia za wafugaji waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa na mazoea ya kuicheka migomba yetu. "Nyinyi mnaisalimia kabisa," alikuwa akisema. "Siku moja nitasikia mnaiambia shikamoo." Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeishia pabaya. Alijifungulia nyumbani kama wengine, mtoto akafa, kondo likagoma kutoka, damu ikamtoka mpaka midomo ikawa na rangi ya majivu. Bibi alifika kwa baiskeli, akamwokoa akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Kabla hajaondoka alinishika bega. "Huyu asizalie nyumbani tena. Akizalia nyumbani atakufa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ndiyo maana mwezi wake ulipokaribia nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba nakuja kumchukua wifi alale kwenye banda la kusubiria pale misheni.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Haendi."

"Mama, atakufa."

"Mwanangu yuko vitani," alisema. "Mtoto wake nikimwacha atupwe shimoni, ni nini kitamrudisha yeye? Kitu gani kitamvuta?"

Nikamgeukia wifi, nikitegemea kwamba yeye mtu wa ng'ombe atacheka. Hakucheka. Alisema kwamba siku ya kuondoka mume wake alimshika mkono kando ya lori akamwambia, "Akizaliwa mpandeni nyumbani. Nikijua yuko kwenye mgomba, nitarudi." Naye alimwahidi.

"Na wewe je?" nikamwuliza. "Ukifa?"

"Na kaka yako asiporudi?" akaniuliza yeye.

Nikaja na akili yangu ya aproni. Nikasema nitaliiba hilo kondo. Azalie wodini, Bibi akigeuka nitalifunika ndooni, nitamletea mama hadi mlangoni, shimoni nitamimina maji. Mama aliacha kumenya. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Ndoo yako naijua," alisema, akarudi kwenye ndizi zake.

Sikuthubutu kumwuliza anaijua vipi. Nilirudi misheni nikilia barabarani kama mtoto, na nilipopanda kile kilima cha mwisho nilikuwa nimeshajua la kufanya, tena nilikuwa nimelijua miaka yote. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumfanya mama yangu abadili neno lake, na mtu huyo nilikuwa nimemfunga macho kwa mikono yangu mwenyewe.

Bibi alikuwa anaanika vitambaa vya wodi kwenye kamba, vibanio mdomoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama upande wa pili wa shuka, kwa kuwa sikuweza kumwangalia. Nilimwambia migomba. Nilimwambia kwamba siku ile ya daftari nilimdanganya, na kwa nini. Nilimwambia yale niliyowajibu akina mama. Nilipomaliza, nikaona chini ya shuka miguu yake inaondoka.

Aliporudi alikuwa na daftari jekundu, tayari limefunguliwa. Alinionyesha mstari ule.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kabla."

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka yote hii nimekaa kwenye vitanda hivi nikimwuliza Mungu. Kumbe nilitakiwa kukuuliza wewe mara ya pili."

Akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Tukasikia meza ikipigwa. Ule ulikuwa mkate wa muhogo mgumu kuliko yote aliyowahi kuoka, na nakuambia kweli, kisu kilikataa, ikabidi tuuvunje kwa kuugonga kwenye ngazi ya baraza. Asubuhi alinipa kipande, akachukua chake, tukatafuna tumekaa bega kwa bega. Macho yake yalikuwa mekundu na yangu yalikuwa mekundu. Alipomaliza akapangusa makombo akasema, "Haya. Nipeleke kwa mama yako."

Mafuta ya gari yalikuwa yamekwisha zamani kwa ajili ya vita, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu. Mama alitoa kiti, kile kimoja tulichokuwa nacho. Bibi alimpa shikamoo, kisha akakiacha kiti, akakaa mkekani. Alizungumza polepole ili Kiswahili cha sokoni cha mama yangu, kilichosema 'ri' badala ya 'li', kimfuate. Alisema, "Mama, nimekosa. Nimetupa visivyotupwa. Sikujua, lakini nimevitupa." Hakunitaja. Hakunigeukia hata kidogo.

Mama alikuwa na swali lake mwenyewe, na ilionekana amekaa nalo muda mrefu.

"Na ya kwako, Bibi? Ya kwako ririzikwa wapi?"

Bibi akafikiri. Akasema hajui. Alizaliwa katika hospitali kubwa ya mjini, na huko, alisema, nadhani waliyachoma yote kwa moto.

Sijawahi kumwona mama yangu akihuzunika hivyo kwa ajili ya mtu asiye wake. Aliweka mkono kifuani. Alimwangalia Bibi kuanzia viatu mpaka nywele, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekuwa hajaelewa jambo kwa miaka na sasa ameelewa. "Kumbe," akasema. "Ndiyo maana. Maskini. Ndiyo maana huwezi kukaa kwenu." Akanigeukia akasema kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba wamisionari wote ni hivyohivyo, wamechomewa, hawana la kuwavuta, wanatembea tu duniani mpaka wapate pa kusimama. Bibi akaniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Siku hiyo walikubaliana wao wawili, mimi sikuulizwa kitu. Wifi angezalia wodini. Mama angekuwepo chumbani, na jani lake la mgomba, na hakuna ndoo.

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ya soko. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, wa kike, analia kwa sauti ya mtu mzima. Kisha tukasubiri kondo, na kondo likagoma kama mara ya kwanza. Damu ikaanza. Nilimwona wifi akitafuta mkono wa kushika, nikampa wangu, nao wake ulikuwa unapoa. Mama alikuwa ukutani na jani lake. Nilidhani atasema tumpeleke nyumbani, au atapiga yowe. Bibi hakumwangalia mtu. Alinawa mpaka kwenye kiwiko, akasema "Shika miguu," akaingiza mkono, na uso wake ukawa wa mtu anayetafuta kitu kizito gizani. Nilihesabu pumzi za wifi kwa sababu sikujua sala yoyote tena. Halafu akasema, "Limekuja."

Damu ilipungua. Akamkanda tumbo, akampa dawa, akamkanda tena, mpaka ikakoma. Wifi akafumbua macho akauliza kama mtoto ana pua ya kaka yangu. Tukamwambia anayo, kwa bahati mbaya.

Ndipo Bibi alipofanya jambo alilolifanya kila siku, na ambalo mama yangu hakuwahi kuliona. Alilitandaza kondo kwenye beseni safi. Akaligeuza taratibu, akalikagua upande huu na upande ule, akafuatisha kingo zake kwa kidole kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani ya mzazi. Mkunga yeyote hufanya hivyo. Lakini mama alisogea karibu, akasimama begani pake, akatazama mikono ile.

"Anarisoma," akaninong'oneza.

Bibi alipotosheka kwamba liko zima, alilifunga kwenye jani la mgomba, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akalipokea kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo. Nilikuwa nimebeba ndoo kwenye chumba kile kwa miaka, na sikuwahi kuona wodi yetu ikiwa kanisa kama dakika ile.

Lilizikwa nyuma ya nyumba mpya, kando ya mgomba wa kaka yangu, ule uliobebwa kichwani.

Jumapili Bibi aliomba nafasi baada ya mahubiri. Alisimama mbele na gauni lake la bluu, akapiga magoti, mbele ya wanaume na wanawake, akasema kwamba miaka yote ametupa vitu vyao vya thamani, kwamba amekosa, kwamba anaomba wamsamehe, na kwamba kuanzia sasa kila mama atapewa chake mkononi. Mimi nilikuwa benchi la pili. Mimi, mtubu hodari wa Ijumaa, niliyekuwa nasimama kwa kijiko cha sukari. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, watu wote wamekaa, sauti moja tu ingetosha. Nilikaa. Niliangalia viatu vyangu mpaka wimbo ukaanza.

Nje ya mlango wanawake walimzunguka. "Pole, Bibi. Hukujua, Bibi." Mama yangu akauliza kama shimo litafukiwa. Bibi akasema litafukiwa kesho. "Basi rifukiwe," mama akasema. "Tutapanda juu."

Walikuja wiki nzima. Kila mwanamke aliyewahi kuzalia pale alileta chipukizi la mgomba wa kwake, amelibeba kichwani, udongo umeshikamana na mizizi. Wengine walitoka mbali, hata Kirushya. Bibi alinipa jembe. "Mashimo utachimba wewe," alisema, "yote." Hakukunja uso. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na akina mama wakapanda, kila mmoja akimtaja mtoto wake kwa sauti ndogo huku akishindilia udongo kwa mguu. Siku ya mwisho mama yangu akaja na chipukizi moja la zaidi. Akaliweka chini mbele ya Bibi. "Hiri ra kwako," akasema. "Warikuchomea, basi. Sasa unayo."

Kaka yangu alirudi vita ilipokwisha, na mguu uliokuwa unachechemea. Kabla hajaingia ndani alizunguka nyuma ya nyumba akauangalia mgomba, kisha akauliza mwanawe yuko wapi. Wifi hakuucheka mgomba tena, ingawa kaka alimsihi aendelee, akisema nyumba imekuwa kimya mno.

Wodi ilijaa. Ilijaa mpaka tukalaza watu chini. Bibi akanifundisha mwenyewe, akanipeleka kusomea ukunga, nikarudi na nikazalisha pale mpaka nikastaafu. Yeye alizeeka kwetu, jina likamfaa, kisha akaitwa kwao. Alilia siku ya kuondoka na sisi tukalia. Katika kila barua aliuliza swali lilelile: mgomba wangu umezaa? Kila mwaka ulichelewa kuliko yote, na mimi nilimwandikia kwamba unafikiri kwanza.

Barua ya mwisho haikuandikwa na yeye. Ndugu yake alituambia amelala, amezikwa kwao. Tukapanga ibada ya kumkumbuka, na kanisa likajaa watoto wake wote aliowapokea, sasa wakiwa na watoto wao. Watu walisimama kumsimulia. Mmoja akasimulia jinsi alivyopiga magoti mbele yetu akaungama kosa lake.

Hapo nikasimama. Nilikuwa na mvi, magoti yangu yanauma, aproni nilishaivua zamani. Nikasema, "Halikuwa kosa lake." Nikasimulia yote, daftari, ndoo, uongo wa pande mbili, benchi la pili. Nilisema kwamba aliniuliza kabla, na mimi nikamficha, na yeye akabeba aibu yangu mbele yenu na hakunitaja mpaka amekufa. Nililia bila aibu yoyote.

Kisha kutoka upande wa akina mama wazee, wale waliobaki, nikasikia kicheko chembamba. Alikuwa bikizee mmoja wa Mabawe, niliyemzalishia mabinti wawili.

"Kaa chini, Dokta," alisema. "Ndoo alikuwa anabeba nani?"

Wengine wakaanza kucheka.

"Tulijua tangu zamani," akaendelea. "Siku ile Bibi alipopiga magoti, unadhani tulikuwa tunamwangalia yeye? Tulikuwa tunakuangalia wewe. Tukaambiana, atasimama akiwa tayari."

"Mmengoja miaka yote hii?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyengoja," alisema. "Sisi tulikuwa tunakula ndizi."

Nikakaa. Baada ya ibada, yule binti wa kaka yangu, aliyepokewa na mikono ile, alikwenda nyuma ya wodi akakata mkungu wa Bibi. Tuliupika na maharage kwenye sufuria kubwa, tukakaa kwenye mikeka. Sahani ya kwanza walinipa mimi. Nilitafuna kimya kimya, kama zile asubuhi za mkate wa Bibi.